Ubao Namba Ishirini na Mbili

Ubao wa mvule ukishapitiwa na maji miaka kumi na minane, hauna tena ugomvi na mtu. Masika hauvimbi, kiangazi hausinyai, hata ukiuweka karibu na jiko haujipindi. Bartholomeo alilijua hilo kuliko alivyoijua sala ya jioni, na ndilo lililomponza.

Alikuwa seremala wa mgodi. Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo, wa dhahabu, mwendo wa nusu siku kwa miguu magharibi ya Geita. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Bartholomeo alikuwa Mzinza wa miaka arobaini na minne, mtu mzito wa maneno na mwepesi wa mikono. Kazi yake ilikuwa mipini ya sururu, milango, viti vya wazungu, na majeneza pale mgodi ulipokula mtu.

Mwezi wa pili wa mwaka huo aliitwa na injinia wa kinu, pale mawe yanaposagwa. Injinia huyo alikuwa na jina refu la kwao lisiloshikika, kwa hiyo watu walimwita Bwana Futi. Alitembea na futi ya kukunja mfukoni na alipima kila kitu, mpaka ikasemwa kwamba hata mkewe alimwacha Ulaya kwa sababu hakufika kipimo. Alimwekea Bartholomeo mezani picha iliyokatwa kwenye gazeti.

"Wewe kuweza tengeneza hii?"

Lilikuwa kabati la droo nne. Bartholomeo aliliangalia kwa muda. Mabruda wa misheni walimfundisha kwamba kabati ni lazima liwe na taji juu, maua ubavuni na miguu ya simba. Hili halikuwa na kitu. Lilikuwa sanduku lililonyooka, limesimama juu ya miguu minne myembamba iliyotanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Droo hazikuwa na vishikio, ila upenyo mwembamba wa kupitisha vidole.

"Bwana, walisahau kulivalisha?"

"Hii ni mpya. Ulaya watu wote nataka hii sasa." Bwana Futi aliipiga picha kwa kidole. "Mimi nataka droo hapana kwama. Hata mvua kubwa. Sikia? Hapana kwama."

"Haitakwama, Bwana," alisema Bartholomeo, na akishasema hivyo huwa ameapa.

Mwili wa kabati aliufanya kwa mninga ambao Bwana mwenyewe aliununua. Lakini mninga ule ulikatwa mwaka uliopita, maji yalikuwa bado ndani yake. Ukifanya droo kwa mti kama huo, masika ya kwanza tu zinang'ang'ania kama kupe. Bartholomeo alizunguka siku tatu akitafuta mbao zilizotulia. Siku ya nne akapita nyuma ya kinu na kuziona.

Zilikuwa zimepangwa juani, mvule mtupu. Zamani zilikuwa sakafu ya mfereji wa kinu. Mawe yaliyosagwa hadi kuwa uji yalipitishwa juu yake na maji, juu ya mablanketi yaliyokuwa yakishika dhahabu, tangu mgodi ulipofunguliwa. Sasa umeletwa mfereji wa chuma, za mbao zimeng'olewa. Mzee Makoye, Msukuma wa upande wa Shinyanga, alikuwa amekaa mbele yake juu ya debe, na rungu magotini.

"Mwadila, mzee Makoye. Unalinda nini?"

"Kuni." Makoye alicheka mpaka debe likalia. "Wameniambia zitachomwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nisimruhusu mtu kuzigusa. Nimefika umri huu sijaona mtu analinda kuni. Wazungu wana mali nyingi mpaka zinawachanganya."

Bartholomeo aligonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama ngoma ndogo. Kuchoma mti wa namna ile! Aliona uchungu wa kweli, kama mtu anayeona ng'ombe wa maziwa anapelekwa kwa mchinjaji.

"Nipe nne, mzee. Ni kwa kazi ya Bwana Futi."

"Kama ni ya Bwana Futi chukua hata kumi, zinanizibia upepo. Ila siku moja utanichongea kigoda. Matako yangu yameota kutu kwa debe hili."

Basi akachukua nne. Alipoziranda, randa ilipoteza makali kila baada ya misukumo mitano au sita, akalaani mchanga. Nyufani mlikuwa na vumbi la njano, akalipuliza. Maranda aliyazoa kwenye gunia akampelekea mkewe Euphrasia awashie moto, kama alivyofanya siku zote. Pale getini askari wa mgodi, Bujiku, alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akaona ni maranda, akasema pita.

Kila ubao ulikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma, kama ng'ombe. Tatu aliziranda zikaisha. Ya nne, ishirini na mbili, ilikuwa imezama sana. Kuiondoa yote kungemla muda na unene, naye aliutaka ubao ule uwe sakafu ya droo ya chini, ya kubeba mablanketi. Akaigeuzia chini. Nani huangalia tumbo la droo?

Kabati lilipokwisha, watu walikuja kulicheka na wakaondoka kimya. Ukisukuma droo moja, hewa ilitoka taratibu na ya juu yake ikasogea kidogo, kama inapumua. Wanaume wanne walilibeba hadi nyumbani kwa Bwana Futi kilimani. Pale getini, ambapo hata nywele za wachimbaji hupekuliwa, Bujiku alilipigia saluti.

*

Jumatatu ya mwisho wa mwezi mbao zilichomwa. Bartholomeo aliona moshi kutoka karakana yake na hakuwaza lolote. Jumanne akaona jambo lililomfanya aweke msumeno chini. Wazungu wawili walikuwa wamechuchumaa, wanayazoa majivu kwa vijiko. Walichekecha, wakatia kwenye karai, wakaosha, polepole, kama mama anavyomwosha mtoto mchanga.

Saa nne kengele ililia na wafanyakazi wote wakapangwa uwanjani. Bwana Futi alipanda juu ya sanduku. Alikuwa mweupe kuliko siku zote.

"Mbao arobaini," alisema. "Mimi nahesabu misumari ndani ya majivu, mimi naangalia namba ndani ya kitabu. Mbao thelathini na sita nachomwa. Mbao nne hapana. Ninyi najua kwa nini nachoma mbao? Dhahabu naingia ndani ya mbao! Miaka kumi na nane! Mwizi wa mbao ni mwizi wa dhahabu. Serikali nafunga yeye miaka saba."

Kundi lote lilitoa sauti moja, kama watu waliomwagiwa maji. Hakuna aliyejua. Hawakuambiwa makusudi, ili wasiibe. Na kwa kutoambiwa, mlinzi amegawa dhahabu akidhani ni kuni, na fundi amekwenda kuijengea droo. Bartholomeo aliikaza mikono nyuma ya mgongo. Ilikuwa bado na harufu ya mvule, au alidhani ina harufu hiyo.

Mbele ya watu wote, Bujiku alimshika Makoye kwa ukosi wa shati. Mzee aliulizwa nani alichukua mbao. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, yakafika kwa Bartholomeo, yakapita, hayakusimama.

"Nilisinzia," alisema Makoye. "Mimi mzee. Jua lilikuwa kali, nikasinzia."

"Jumamosi lori nakwenda Mwanza," alisema Bwana Futi. "Kama mbao hapana patikana, wewe nakwenda Mwanza. Polisi nafundisha wewe kusinzia."

Kisha akanyoosha futi kuelekea kwenye mstari. "Fundi! Wewe najua mbao. Wewe nakwenda na Bujiku kila nyumba. Kila kitanda, kila mlango. Wewe naonyesha."

*

"Mama Cornel, maranda yapo wapi?"

Euphrasia alikuwa anasonga ugali. Alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni, kajaa jasho kama aliyetoka shimoni. "Maranda gani? Si nimeshayachoma. Haya ninayopikia ni ya mninga. Baba Cornel, una homa?"

Alimweleza kwa kunong'ona, wameinamia jiko. Alipofika kwenye dhahabu, Euphrasia aliacha mwiko umesimama wima ndani ya ugali.

"Kwa hiyo wiki nzima nimepikia dhahabu."

"Ndiyo."

"Na majivu nikasugulia masufuria." Alilitazama sufuria lililokuwa linang'aa ukutani, na akacheka kicheko kimoja kifupi kisicho na furaha. Kisha akaziba mdomo. "Mungu wangu. Miaka saba. Nani atamsomesha Cornel?"

Majivu yote waliyazoa, ya jikoni na ya jalalani, wakayamwaga chooni. Euphrasia akayamwagia maji, akaona haitoshi, akalichukua na lile sufuria linalong'aa akalipaka masizi.

Siku ya Jumatano na Alhamisi Bartholomeo alizunguka na Bujiku kwenye kambi ya wafanyakazi. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Watu walitoa vitanda nje, wakageuza meza, na wanawake walisimama pembeni wamekunja mikono. Bujiku aliuliza kila mara, "Huu je?" naye akajibu, "Huu mkuyu. Huu mninga. Huu sanduku la sabuni." Watu walimchukia kwa macho, wakidhani ni mbwa wa mzungu. Angefurahi kama ingekuwa hivyo tu.

Katika nyumba ya mwisho, Bujiku aliketi juu ya kizingiti akawasha sigara. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomtisha Bartholomeo. "Fundi, hebu nifikirishe. Ubao mrefu futi nane. Mwizi ataupitishaje kwenye geti langu? Siwezi kutoona ubao wa futi nane."

"Labda waliukata."

"Labda. Aukate nani? Wachimbaji hawana msumeno." Alipuliza moshi. "Msumeno unao wewe."

"Basi nikamate mimi," alisema Bartholomeo. Alijaribu kulisema kama mzaha. Neno likatoka kama kikohozi.

Bujiku alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Wewe! Wewe ukiiba msumari unakwenda kuungama kwa padre siku hiyohiyo. Twende zetu."

*

Kwenye kambi ile mtu akifungwa katika chumba cha askari, mgodi haumlishi. Wanaomlisha ni nyumba za jirani, kwa zamu. Makoye hakuwa na mke pale. Ijumaa mchana zamu ilimwangukia Euphrasia, na desturi ni kwamba chakula cha mwanaume kinapelekwa na mwanaume.

"Siendi," alisema Bartholomeo.

"Usipokwenda watajiuliza kwa nini hukwenda." Alimkabidhi bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Nenda. Na ule naye."

Alikwenda. Bujiku alifunua sahani, akachokonoa ugali kwa kijiti, akafungua mlango na kubaki kizingitini. Makoye alikuwa amekaa sakafuni. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba kabisa.

"Karibu fundi. Nisamehe, sina pa kukukalisha. Hata lile debe wamelichukua ushahidi."

Walinawa, wakaanza kula kutoka bakuli moja. Bartholomeo alimega tonge, likamkwama kooni.

"Ugali wa leo umekaza," alisema Makoye. "Umekaza kama mvule."

Tonge likarudi. Bartholomeo akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kule mlangoni Bujiku akageuza kichwa.

"Mpe maji," Makoye alimwambia askari. "Fundi wa watu atatufia hapa, halafu jeneza atachonga nani?" Bujiku alipoinama kwenye mtungi, mzee alisema upesi, kwa sauti ya chini, bila kuinua jicho lake zima kutoka kwenye bakuli: "Sijasema. Nikisema nimekupa, mimi ndiye niliyegawa. Nisiposema, ni mzee aliyesinzia. Lakini mwanangu, huyu kijana anapiga vibaya, na huko Mwanza watapiga zaidi. Sijui kesho nitakuwa na mdomo wa namna gani."

Bujiku akarudi na kata ya maji.

"Ukinichongea kile kigoda," alisema Makoye kwa sauti ya kawaida, "kiwe na miguu mitatu. Cha miguu minne huyumba."

*

Kutoka hapo Bartholomeo hakurudi karakana. Alichukua randa yake ndogo na kipande cha mshumaa, akapita getini. Fundi akienda nyumba za wazungu haulizwi. Akapanda kilima. Saa ilikuwa saba na nusu. Bwana Futi hurudi saa nane kamili kupumzika; saa ya mkononi ungeweza kuirekebisha kwa hatua zake. Nia ya Bartholomeo ilikuwa moja: kuifuta namba. Bila namba, droo ni droo tu, na mvule si mali ya mgodi peke yake.

Donatus, mpishi wa Bwana, alikuwa anamenya viazi barazani.

"Nimekuja kupaka droo mshumaa, zisikwame."

"Droo zile?" Donatus alicheka. "Zile zinateleza kama mlenda. Juzi nimegusa moja, tatu zikanisalimia. Haya pita, lakini vua viatu. Na fanya haraka, Bwana wiki hii hasemeki. Meneja mkuu anamtia kidole machoni kila siku kuhusu mbao hizo. Unamkumbuka yule mzungu wa stoo, mwaka juzi? Alikutwa na kichupa cha vumbi la dhahabu kiatuni."

"Alikwenda wapi?"

"Alikwenda wapi! Pingu, Mwanza, jela. Mzungu mwenzao. Meneja hakumtazama usoni. Tangu siku ile hawa wote wanamwogopa meneja kama sisi tunavyowaogopa wao."

Chumbani kulikuwa na kitanda, chandarua, na kabati lake limesimama peke yake chini ya dirisha. Hata kwa hofu aliyokuwa nayo Bartholomeo aliona lilivyo zuri, akalichukia. Alichuchumaa, akavuta droo ya chini. Ilikuja bila sauti. Akatoa mablanketi mawili na soksi zilizokunjwa mbilimbili, akaipindua droo juu ya kitanda.

22.

Ilikuwa nyeusi, imezama, imenyooka, kama imechomwa jana. Aliweka randa, akasukuma mara moja. Ukoko mwembamba wa mbao ukajikunja ukatoka, na ndani ya ukoko ule, pale jua la dirishani lilipogusa, paling'aa vitone vidogo vya njano. Sasa kwa kuwa alijua, aliviona. Sakafu nzima ya droo ilikuwa navyo.

Mikono ikasimama.

Alikuwa mtu wa kawaida tu, anayependa ngozi yake. Lakini alikuwa fundi, na fundi hujiuliza kitu kikishakatwa kitarudije. Namba hii ikifutika, mbao nne zimepotea duniani milele. Hakuna atakayezipata, kwa hiyo kesho mzee atapakiwa kwenye lori, hakuna njia nyingine. Namba ikibaki, ipo njia moja ya kumtoa Makoye, nayo inapita juu ya Bartholomeo mwenyewe.

Aliketi sakafuni. Aliwaza Cornel kule shule ya misheni. Aliwaza Euphrasia akipaka sufuria masizi. Akasikia changarawe nje, hatua zile za kupimwa, na Donatus akisema, "Shikamoo Bwana."

Muda ulikuwepo. Droo ile ilihitaji msukumo mmoja tu irudi mahali pake. Aliitengeneza mwenyewe iwe hivyo. Akaiacha palepale kitandani, tumbo juu.

Bwana Futi aliingia, akasimama. "Wewe nafanya nini?"

Bartholomeo hakuinuka. Akasema akiwa chini. "Bwana, mbao zenu hizi hapa. Nilizichukua nikidhani ni kuni. Mzee Makoye alidhani hivyohivyo. Hakuna aliyetwambia. Nne zote zimo kwenye droo zako."

Mzungu aliinama. Akaitazama namba. Akatoa kitabu kidogo mfukoni, akafungua, akashusha kidole kwenye mstari wa namba, kidole kikasimama. Bartholomeo alingoja kelele. Alikuwa amejiandaa kwa teke, kwa filimbi ya kumwita Bujiku. Aliona kitu kingine. Futi ya mbao aliyoishika Bwana ilikuwa inatikisika, na inagongagonga ukingo wa kitanda, tik tik tik, peke yake.

Bwana Futi akaenda dirishani akafunga pazia. Mchana kweupe. Akafunga mlango.

"Nani najua?" Alinong'ona. Bartholomeo hakuwa amewahi kunong'onewa na mzungu maisha yake yote.

"Mimi na wewe, Bwana. Na Makoye anajua alinipa mbao, hajui nilizipeleka wapi." Hapo alidanganya: hakumtaja Euphrasia, wala hakusema Makoye aliambiwa ni kwa kazi ya nani.

"Donatus?"

"Hajui."

Hapo ndipo Bartholomeo alipoelewa, polepole, kama msumari unavyoingia. Kabati lilikuwa la Bwana mwenyewe, aliliagiza mwenyewe, likatengenezwa saa za kazi na fundi wa mgodi. Lilipita getini kwa saluti. Na katika mgodi mzima, mtu aliyejua kuliko wote kwamba dhahabu hukaa ndani ya mbao zile ni nani? Meneja hangeamini. Hata Bartholomeo, angekuwa meneja, hangeamini.

"Toa namba," alisema Bwana Futi.

Bartholomeo alishika randa. "Na Makoye, Bwana?"

"Toa namba!"

"Na Makoye?" Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji, lakini randa hakuisogeza. Walitazamana. Mbu mmoja alikuwa analia ndani ya chandarua. Bartholomeo alijua kwamba mtu yule akiamua sasa hivi kupiga filimbi na kusema ameibiwa, mambo yangekwisha. Aliona hata mzungu naye analiwaza hilo, anaupima urefu wake.

"Makoye nakwenda nyumbani," alisema Bwana Futi mwishowe. "Leo."

Ndipo akaranda. Kila msukumo ulipiga kelele chumbani mpaka akadhani kambi nzima inasikia. Bwana Futi alipiga magoti, akatandaza leso chini ya ubao, akawa anadaka kila ukoko unaotoka, na vumbi, na chembe, akiokota zilizoanguka mkekani kwa kidole kilicholowa mate. Namba ilipoisha, ubao ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la mkate. Droo ikarudi mahali pake. Haikukwama.

*

Jioni ileile ilitangazwa kwamba hesabu ilikosewa. Mbao zilikuwa thelathini na sita tangu mwanzo. Makoye alitoka akiegemea ukuta, akaenda moja kwa moja njia ya Shinyanga bila kudai chochote. Hakuaga. Alipopita karakana alionyesha vidole vitatu, vya miguu ya kigoda, akaendelea kutembea.

Ungedhani hofu ingekwisha. Ndiyo kwanza ilihamia ndani. Bwana Futi hakumwita tena Bartholomeo, lakini kila alipopita karakana alisimama mlangoni akamtazama, kimya, futi mkononi. Mtu aliyemwona bwana wake anatetemeka ni shahidi, na shahidi si kitu cha kuacha kinazagaa mgodini. Kamba ya ngazi ya shimoni ilikatika siku moja Bartholomeo alipotakiwa ashuke kutengeneza boriti. Huenda ilikuwa imeoza tu. Hakungoja kujua.

Wiki ya tatu Bwana alipata likizo ya ghafla kwenda kwao. Aliagiza sanduku la kufungia kabati lisafiri naye. Bartholomeo alilitengeneza, akalipigilia misumari huku Bwana mwenyewe amemsimamia, anahesabu kila msumari. Lori lilipoondoka Bwana alikaa nyuma, juu ya sanduku lile, badala ya mbele kwa dereva.

Siku ya pili yake Bartholomeo aliacha kazi. Euphrasia alikuwa ameshafunga mizigo. Kaka yake Euphrasia alikaa kule Chato, ziwani, ambako watu wanataka milango na makasia na hakuna anayeosha majivu.

Getini, Bujiku alipekua kila kitu kama ilivyo sheria. Alipindua kigoda, akakung'uta mikeka, akaligonga lile sufuria lililopakwa masizi, Euphrasia akatazama juu angani. Kisha akafungua sanduku la zana na kutoa randa ndogo. Bartholomeo hakuwa ameigusa tangu siku ile. Aliogopa kuishika.

"Fundi mzima, randa imejaa takataka," alisema Bujiku. Akachomoa ukoko wa mbao uliokuwa umenasa mdomoni mwa chuma, mweusi upande mmoja, wa njano upande wa pili, umejikunja kama mkia wa nguruwe. Akauinua juani, jicho moja amefumba.

Euphrasia alimshika mumewe mkono. Hakukuwa na upepo.

Bujiku aliugeuza upande mweusi, akaugeuza upande wa njano. Halafu akauingiza kwenye jiko la mkaa la getini, ukashika moto, akawashia sigara yake. Akavuta, akauangusha chini, ukawa majivu kidogo yasiyojaa hata kijiko cha chai.

"Mvule huo," alisema, akimtazama Bartholomeo usoni bila kucheka. "Unawaka vizuri. Nami niliupigia saluti. Haya, nendeni. Na usirudi, fundi."

Waliondoka. Bartholomeo hakugeuka nyuma, lakini alisikia buti la Bujiku likisugua majivu yale ardhini, likisugua kwa muda mrefu.